Kidimbwi cha Wageni

Wiki nzima kabla ya Munib kufika, mto ulikuwa mzuri mpaka unakera. Maji yalikaa chini ya alama ya pili kwenye nguzo ya daraja, maangavu kiasi cha kuhesabu kokoto penye kina cha mtu mzima. Kila siku saa sita mchana, jua likishayapasha, vijidudu vya mbawa za kijivu viliibuka kutoka chini na kuelea juu, na samaki aina ya trauti walipanda kuvidonoa kwa raha zao. Zaim alisimama darajani, mikono mfukoni, akiwatazama tu. Hakuvua hata mmoja. Alikuwa anamwekea kaka yake, Munib. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba anamwekea mtu samaki mtoni, kana kwamba mto ni kabati la jikoni.

Jumapili jioni Munib akashuka kwenye teksi, na kabla hajamaliza kufungua masanduku upepo wa kusini ukaingia. Upepo huo mwezi wa Aprili ni balaa tupu. Unapita juu ya mlima ukiwa na joto, unaifumua theluji yote iliyobaki huko, na kufikia asubuhi theluji hiyo yote iko mtoni. Zaim aliamka, akafungua dirisha, akasikia mngurumo, akajua kazi imeharibika hata hajavaa viatu.

Sasa uelewe kilichokuwa kinamchoma. Shamba la majani kando ya mto Sutnica, kuanzia darajani mpaka kwenye kinu kilichobomoka, liliandikwa kwa majina yao wawili tangu baba yao alipofariki. Mtu mmoja wa mjini, mjenzi wa vibanda vya watalii, alitaka kununua nusu ya Munib. Munib hakumwambia ndiyo wala hapana. Mwezi wa pili alipiga simu kutoka Uswidi, akamwambia mdogo wake kwamba atakuja siku tano, na Ijumaa asubuhi, kabla ya ndege, amepanga miadi kwenye ofisi ya hati.

"Nikipata trauti mmoja," alisema, "mmoja tu, pale petu, nitajua bado nina kitu huko. Nisipopata, namuuzia huyo bwana na tusisumbuane."

Alisema huku anacheka, lakini Zaim anamjua kaka yake. Huwa anacheka hivyo anapotoa neno alilolilalia miezi.

Na tuseme ukweli, Zaim hakuwa na njaa ya ardhi. Alichotaka ni Munib awe na sababu ya kurudi kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka. Katika miaka thelathini na nne tangu vita vimfukuze, Munib alikuja mara mbili tu, maziko ya baba na maziko ya mama, na mara zote mbili alikaa kama mtu anayesubiri basi. Zaim hakuwahi kumwambia kwamba amemkosa. Wanaume wa pale hawaambiani mambo hayo. Wanaambiana hali ya mto.

Jumatatu hali ya mto ilikuwa kahawa yenye maziwa. Magogo yalikuwa yanapita. Munib alitoka amevaa suruali ya mpira mpya inayofika kifuani, fulana yenye mifuko kumi na minne, na ufito wa kuvulia mwepesi ajabu, akasimama ukingoni kutazama maji yaliyofunika hata lile jiwe walilokuwa wakikalia utotoni. Zaim alianza kumweleza kwamba juzi tu, hata jana asubuhi, maji yalikuwa safi kabisa. Alijisikia anavyoongea. Kila mwongoza wavuvi duniani humwambia mgeni wake hivyohivyo, na yeye, anayewatembeza Wajerumani na Waitaliano kuanzia Machi mpaka Oktoba, ameshalisema neno hilo mara mia nne. Safari hii lilikuwa kweli na lilinuka uongo.

"Haidhuru," Munib akasema. "Mto hauna kosa."

Walirusha mishipi mpaka saa tisa. Hawakuambulia kitu. Nzi bandia wa manyoya waliofungwa kwa uzi wa hariri, kazi ya Munib ya majira yote ya baridi, walizama kwenye tope lile wasionekane na samaki wala mtu. Jioni Rasema, mkewe Zaim, aliandaa pai ya viazi na maziwa ya mgando, na Munib alipomaliza kula akaweka uma chini, akasema asante kwa chakula. Ni desturi ya huko aliko. Kila mlo, asante kwa chakula. Zaim aliudhika mpaka masikio yakamwaka, kwa sababu nani humshukuru mtu nyumbani kwao? Lakini na yeye hakuwa msafi, maana asubuhi alikuwa amempa Munib zile ndala za wageni na kumwekea kahawa kwenye kikombe chenye ukingo wa dhahabu, ambacho watu wa nyumba ile hawakigusi.

Jumanne ilinyesha. Sina zaidi la kusema kuhusu Jumanne, ila kwamba Zaim alipima joto la maji mara tisa, na mara zote tisa lilikuwa nyuzi nne. Kwenye Sutnica, chini ya nyuzi saba hakuna kijidudu kinachopanda, na kijidudu kisipopanda trauti hana shughuli na wewe. Hiyo ndiyo sheria, haina rushwa. Mara ya kumi Munib alimwomba kwa upole akiache kipimajoto kipumzike.

Jumatano ikaja na matumaini, na hayo ndiyo yaliyouma kuliko mvua. Upepo ulikuwa umegeuka. Mlimani kuliganda, theluji ikashika, na kufikia saa nne maji yalikuwa yameshuka shubiri mbili na kuanza kupata ule ukijani wake. Nyuzi sita. Nyuzi sita na nusu. Jua lilitoka. Zaim alikaa kwenye nyasi akihema polepole, na Munib alifunga nzi wa kijivu kwenye mshipi.

Saa sita kasorobo mto ukawa rangi ya tofali.

Ulianzia juu, kwenye kona, ukashuka kama mtu anavuta pazia. Zaim alijua mara moja ni nini. Kulikuwa na wakataji magogo kule juu, na wale hawana haja ya daraja, huburuta magogo kwa trekta na kuvuka mtoni palepale penye kina kifupi. Alirukia gari akapanda huko, roho juu. Akamkuta kijana mmoja amekaa kwenye gurudumu la trekta anakula mkate, na kijana huyo, bila kuacha kutafuna, akamwonyesha kibali chenye mihuri mitatu. Zaim alimwambia mambo ambayo sitayaandika. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha mkate, kisha akawasha trekta akavuka tena na gogo lingine.

Aliporudi alimkuta Munib amekaa ukingoni, mshipi umelala majini ovyo.

"Alipanda mmoja," Munib akasema. "Ulipoondoka tu. Palikuwa bado na ukanda msafi upande wa pili, upana wa mlango. Nikamtupia vizuri, Zaim, vizuri kabisa. Akala."

"Halafu?"

"Halafu nikavuta ghafla, kama mtu anayezima taa. Amekwenda na nzi wangu mdomoni."

Wote wawili walilijua kosa lile. Baba yao alikuwa amewafunza kwamba trauti akila, huvuti. Unatamka bismillahi nzima nzima, taratibu, ndipo unainua mkono. Neno hilo ndilo kipimo, humpa samaki muda wa kugeuka na chambo. Na Munib ndiye aliyemfundisha mdogo wake kulitamka, akimgonga kisogoni kila alipoharakisha.

"Nimesahau kusema," Munib akasema. Alikuwa anatazama viganja vyake. "Miaka thelathini nilikuwa nalisema kwenye maziwa ya huko, kwa visamaki vya kijinga. Leo nimesahau."

Ilikuwa Jumatano mchana na Zaim aliona jinsi uso wa kaka yake ulivyojifunga. Aliujua uso huo. Ndio anaouona kwa wageni siku ya tatu, wanapoanza kuulizia saa za ndege. Na hapo, kwa woga mtupu, akawaza kama mwongoza wageni.

Maana kuna mahali. Kila mwongoza wavuvi wa Sutnica anapajua na hakuna anayepataja. Kilomita sita chini kuna mabwawa ya kufugia samaki, na wavu wa mfereji wa kutolea maji umeoza tangu enzi za serikali ile ya zamani. Samaki hutoroka, wakakaa palepale nje ya mfereji kwenye kidimbwi kirefu, wakingojea punje za chakula zinazokuja na maji. Maji ya pale ni ya chemchemi, hayachafuki hata mlima mzima ukiyeyuka. Samaki wenyewe ni wanene, wavivu, hawajui nzi ni nini, wanameza hata kitako cha sigara. Mgeni akifikisha siku ya nne bila kitu, unampeleka huko. Anapiga picha, anakumbatia watu, anaahidi kurudi. Panaitwa Kidimbwi cha Wageni, na jina hilo halitamkwi mbele ya wageni.

Alipomwambia Rasema jikoni, Rasema aliacha kuosha sahani.

"Huyo si mgeni wako, Zaim. Ni kaka yako."

Zaim akasema kwamba ndiyo sababu, kwamba akiondoka mikono mitupu atauza, na akiuza hatarudi. Akasema Munib hatatambua, miaka thelathini na nne si mchezo, barabara ni mpya, miti imekua. Rasema akamwambia basi mwambie wazi unampeleka wapi, labda mtacheka. Lilikuwa shauri jema, na Zaim alilisikia vizuri kabisa. Hakulifuata.

Alhamisi alimpeleka kwa njia ya nyuma, akizungukia machimbo ya mawe, wakashuka kwa miguu kupitia vichaka vya mierebi ili yale mabwawa yasionekane. Akamwambia ni mkono wa mto uliofunguka baada ya mafuriko. Alikuwa amejiandaa kusema mengine zaidi, lakini Munib hakuuliza. Aliyaona maji safi, akaona kivuli kirefu kimelala karibu na shina lililozama, akainama kama paka.

Mshipi ulikwenda mbele, ukarudi, ukaenda. Nzi akatua. Kivuli kikainuka.

Zaim alisikia kaka yake akinong'ona bismillahi, neno lote, herufi kwa herufi, kisha mkono ukainuka na ufito ukapinda mpaka kwenye mpini. Munib alipiga ukelele. Mzee wa miaka sitini, fundi wa lifti mstaafu, aliruka majini mpaka kiunoni akicheka kwa sauti aliyokuwa nayo akiwa na miaka kumi na tano, akimwita mdogo wake kwa lile jina la utani la utotoni ambalo hakuna aliyelitumia tangu mama yao afariki. Zaim alikuwa na wavu mkononi na macho yamelowa. Kwa dakika nne hivi aliamini kwamba amefanya jambo jema maishani mwake.

Wakamtia samaki kwenye wavu. Munib akalowesha mikono, akampakata juu ya maji kama inavyotakiwa, akamgeuza kidogo ili aone madoa. Kisha akaacha kucheka.

Samaki wa mtoni ana mapezi yaliyonyooka, yenye ncha. Huyu mapezi yake yalikuwa vigutu, yamesagwa na saruji ya mabwawa na kutafunwa na wenzake, na ncha ya chini ya mkia wake ilikuwa imelika ikawa duara. Munib alipitisha kidole gumba juu ya pezi la mgongo, taratibu, akirudia. Akainua kichwa, akasikiliza. Nyuma ya mierebi pampu ya mabwawa ilikuwa inanguruma.

"Ni mimi niliyeanzisha," akasema.

"Umeanzisha nini?"

"Kuleta watu hapa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Injinia mmoja wa Zagreb, hana kitu siku nne, nikamhurumia. Wewe ulibeba kikapu, ulikuwa mdogo. Tulicheka njia nzima kurudi, umesahau?"

Zaim alikuwa kweli amesahau. Katika kupanga kote kule, njia ya nyuma, mierebi, mkono wa mto, halikumjia hata mara moja.

"Kaka, nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka." Munib alimshusha samaki majini, akamwachia. Samaki hakukimbia, alijivuta tu mpaka kwenye lile shina akakaa. "Tulicheka sana, Zaim. Yule mtu alikuwa anatupungia mkono dirishani na sisi tunamcheka."

Wakapanda gari kurudi. Zaim alitaka kusimamisha gari na kusema kila kitu, kwamba aliogopa, kwamba hajali shamba, kwamba amechoka kuwa na kaka kwenye simu tu. Maneno yote alikuwa nayo. Akashika usukani akapita kilomita sita nayo, akafika nayo nyumbani. Chakulani Munib alisema asante kwa chakula, akaenda kupanga masanduku, na Rasema hakumtazama mumewe jioni ile wala hakumwambia si nilikwambia.

Ijumaa Munib alikataa kupelekwa. Alikuwa ameita teksi. Aliwakumbatia wote wawili, akamshukuru Rasema kwa ukarimu, akaziweka zile ndala sambamba mlangoni, pua zikitazama nje. Saa tatu alikuwa ameshaondoka.

Zaim akaenda darajani, si kwa sababu alikuwa na kazi huko. Usiku kuliganda tena mlimani. Wakataji magogo hawakuja, Ijumaa hiyo walikuwa na maziko kijijini kwao. Maji yalikuwa chini ya alama ya pili. Alipima joto akiwa hana haja nalo: nyuzi saba na nusu. Akatukana, peke yake, kwa utaratibu, akianza na upepo wa kusini akimalizia na nafsi yake.

Saa sita kasoro dakika tano kikapanda kijidudu cha kwanza. Kikaelea, mbawa zimesimama wima, kikazikausha, kikaruka. Halafu vikawa kumi, halafu havikuhesabika, na trauti wakaanza. Walipanda kandokando ya shamba zima, kutoka darajani mpaka kwenye kinu, wakubwa kwa wadogo, tena bila haraka, midomo ikitoka nje ya maji kwa mlio mdogo mnene. Miaka mingi hakuwa ameona siku kama hiyo. Alitoa simu mfukoni, vidole vikakosea namba mara mbili.

"Munib, rudi," akasema. "Mwambie dereva ageuze. Wanapanda. Wanapanda kila mahali, mpaka kwenye kinu, naapa. Una saa nzima. Ndege nyingine zipo."

Kulikuwa na mlio wa barabara upande wa pili, kisha sauti ya kaka yake, tulivu, isiyo na ugomvi wowote.

"Ndivyo mnavyowaambia wageni siku ya kuondoka, eh?"

"Kaka, ni kweli."

"Sawa."

"Wallahi ni kweli. Nipo darajani. Nawaona."

"Nimeshatoka pale ofisini," Munib akasema. "Yule bwana wa vibanda sikumuuzia. Nusu yangu nimekuandikia wewe. Wiki ijayo watakuita ukatie saini, usichelewe, wana tabia ya kupoteza karatasi."

Zaim aliegemea ukingo wa daraja.

"Sikutaka nusu yako. Nilitaka uje."

"Nimekuja," Munib akasema. "Mmenipokea vizuri sana."

Zaim hakuwa na neno tena ambalo lingeaminika. Akashuka mbio chini ya daraja, akaingia majini na viatu vyake na suruali ya nyumbani, akanyoosha mkono wenye simu karibu kabisa na maji, mahali ambapo trauti watatu walikuwa wanapanda kwa zamu, hawamjali, mmoja baada ya mwingine, karibu kiasi cha kuwashika. Alikaa hivyo ameinama mpaka mgongo ukauma. Kisha akairudisha simu sikioni.

"Umesikia?"

"Nimesikia maji," Munib akasema. "Haya, tunaingia kwenye handaki."

Mtandao ukakatika. Trauti waliendelea kupanda mpaka saa saba na robo, wote upande wa shamba lake.